Manii inanuka tofauti? Peleka kikopo labo kabla ya kumeza dawa

Nafanya kazi kwenye labo hapa Goma, miaka mingi sasa, na kuna maneno nimeyasikia kwa wanaume mpaka nayajua kwa moyo. Anaingia, anaangalia nyuma kama kuna mtu anamfuata, anasubiri mama aliyeleta choo cha mtoto amalize atoke, ndio anainama kwenye dirisha na kunong'ona: "Mukubwa, iko kitu inanisumbua, maji yangu inanuka." Nikimuuliza mdogo wangu umeshakunywa dawa gani, jibu huwa lile lile, cipro, ile antibiotiki, vidonge vinne, vidonge sita, alinunua farmasi ya karibu na nyumbani, jana au juzi. Hapo roho inaniuma kweli, juu kile tulichokuwa tunaenda kukitafuta kwenye kikopo ameshakificha yeye mwenyewe.

Wa mwisho kuja kwenye dirisha alikuwa motari, yaani dereva wa pikipiki, kijana wa miaka thelathini hivi, koti la mvua bado mwilini. Nitamrudia huko mbele. Mambo niliyomwambia siku ile ndiyo nayaandika hapa, hatua kwa hatua, kwa yeyote anayelala na hii hofu peke yake na hajui amwambie nani.

HATUA YA 1: Jua kwanza harufu ya kawaida ikoje

Manii ya mwanaume mzima ina harufu yake. Inakaribia javel, ile tunayotia kwenye maji ya kufulia mashuka meupe, lakini iliyopunguzwa makali. Wengine wanaisikia kidogo, wengine sana, na mtu yule yule leo inaweza kuwa na nguvu kuliko wiki iliyopita, na hiyo peke yake haina ubaya wowote.

Inatoka wapi? Kwenye manii, mbegu zenyewe, zile zinazotengenezwa kwenye korodani, ni sehemu ndogo sana, kama 2 mpaka 5 kwa 100. Sehemu kubwa, karibu 70 kwa 100, inatoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu cha mkojo, na kama robo hivi au zaidi kidogo inatoka kwenye prostati, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita tezi dume. Sasa ile harufu ya javel inaletwa hasa na kitu kinaitwa spermini, na spermini kwa wingi inatoka prostati. Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, aliona vipande vyake vinang'aa kama vioo vidogo chini ya darubini yake tangu mwaka 1678. Kwa hiyo harufu ambayo vijana wengi wanaikimbilia dawa ni prostati inayofanya kazi yake vizuri tu.

Prostati ya kijana ni ndogo, kama gramu 20, ukubwa wa ndimu ndogo. Imekaa chini ya kibofu, mbele ya sehemu ya mwisho ya utumbo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kumbuka hiyo picha, juu ndiyo inaeleza kwa nini ikivimba mkojo unasumbua, na kwa nini daktari anaipima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, hakuna mlango mwingine wa karibu.

HATUA YA 2: Tafuta harufu inatoka wapi hasa

Hapa watu wengi wanakosea. Mtu anasikia harufu kwenye chupi au kwenye shuka asubuhi, anasema ni manii. Inaweza kuwa ngozi, inaweza kuwa mkojo, inaweza kuwa majimaji ya wawili yaliyochanganyika, na kitu chochote cha mwili kikikaa masaa kwenye kitambaa kitanuka vibaya hata kama kilitoka kizima. Shuka la jana haliwezi kukupa jibu.

Fanya hivi. Kunywa maji, kojoa umalize. Nawa uume kwa maji safi na sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, kama hujatahiriwa vuta ngozi nyuma unawe pale chini ambapo uchafu mweupe unajificha, suuza vizuri, jikaushe. Najua maji ya Goma, najua ile foleni ya mabidoni ya njano na yule anayepanda toka ziwani na bidoni ya lita 20 mgongoni, lakini kwa hii kazi kikombe kikubwa kimoja kinatosha. Halafu manii ikitoka, ipokee kwenye kitambaa cheupe kilichofuliwa na kukauka, bila kapoti (kondomu), juu kapoti nayo ina harufu yake ya mpira na mafuta. Nusa hapo hapo. Angalia na rangi, kwenye mwanga wa dirisha.

Kama baada ya kunawa harufu imeisha, tatizo lilikuwa la ngozi, na dawa yake ni kunawa kila siku na kubadilisha chupi. Usioshe na javel, usitie ndimu, usitie perfume, ngozi ya pale ni laini na ikiungua ndio unafungua mlango wa magonjwa kweli. Motari wangu alikuwa anakaa kwenye kiti toka saa kumi na moja asubuhi mpaka usiku, suruali mbili, koti la nailoni juu, jasho lote linabaki pale, halafu hanywi maji ili asitafute mahali pa kukojoa njiani. Mkojo unakuwa mzito, rangi ya chai, tone moja likibaki kwenye mrija linatoka pamoja na manii. Mwambie huyo mtu anywe maji siku tatu halafu anuse tena.

Chakula nacho kinachangia kidogo, hasa vitunguu saumu vingi. Lakini mtu asikudanganye kwamba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ulizokula jana ndizo zinanuka kwenye manii wiki nzima. Vidonge vya vitamini B vinafanya mkojo kuwa wa njano kali, hiyo usiogope. Kuna pia watu wachache sana duniani waliozaliwa na mwili usioweza kuvunja kitu fulani cha harufu ya samaki, wao wananuka jasho, pumzi, mkojo, kila kitu, toka utotoni. Kama shida yako imeanza mwezi jana na iko sehemu moja, si hiyo.

Na je kama harufu inakuja tu baada ya kulala na mke, lakini ukiwa peke yako hakuna? Hii inahitaji maelezo, juu imeshavunja nyumba ninazozijua. Uke wa mwanamke mzima una uchachu, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) kati ya 3.8 na 4.5, na uchachu huo unamlinda. Wakati mwingine bakteria wazuri wa pale wanapungua na wengine wanazidi, madaktari wanaita vajinozi ya bakteria, na hao wengine wanatoa kemikali zenye harufu ya samaki. Kwenye labo tunaipima hivi: tunachukua tone la majimaji ya mama kwenye kioo, tunadondosha tone la potasi, dawa ya labo inayoua uchachu, na harufu ya samaki inaruka papo hapo, huhitaji hata kuinama. Manii ina pH ya 7.2 na zaidi, haina uchachu, kwa hiyo ikiingia pale inafanya kazi ile ile ya potasi yetu. Mwanaume anasikia samaki, anasema mke wangu ametoka nje. Mke naye anasema wewe ndio umeniletea. Wote wawili wanaweza kuwa hawajatoka popote. Inatibika. Na mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa matokeo kwamba mume akitibiwa pamoja na mke, haimrudii mke haraka kama akitibiwa peke yake. Kwa hiyo nendeni wawili.

HATUA YA 3: Angalia harufu imekuja na nini

Harufu peke yake haitoshi kusema ni ugonjwa gani, hata sisi wa labo hatuwezi. Kinachosaidia ni kile kilichokuja pamoja nayo.

Usaha unatoka kwenye tundu, mweupe mzito au wa njano, na mkojo unachoma kama pilipili, siku chache baada ya kulala na mtu: hiyo inaelekea kisonono, sopisi kama vijana wanavyosema. Klamidia inaweza kufanana lakini mara nyingi ni ya kimya zaidi, kamasi kidogo asubuhi, muwasho, au hakuna kitu kabisa na mtu anaendelea kuambukiza. Trikomonasi nayo ipo, na kwa mwanaume mara nyingi haionyeshi chochote.

Manii ya kijani au njano-kijani yenye harufu iliyooza, maumivu yanayozunguka kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kiuno kinauma chini, ukimwaga inauma, mkojo mara kwa mara: hapo prostati inaweza kuwa na maambukizi. Bakteria anayeonekana zaidi kwenye prostati ni E. coli, yule yule wa kwenye utumbo, anapanda kupitia njia ya mkojo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na prostati mgonjwa bila kufanya kosa lolote na mwanamke yeyote, na nawaomba wake wanaosoma hapa wajue hilo.

Njano ya kawaida, ile ya kukaa muda mrefu bila kumwaga, au umri, si kitu.

Damu kwenye manii, nyekundu au kahawia kama kutu, inatisha kuliko inavyostahili. Kwa kijana chini ya miaka 40 mara nyingi inapita yenyewe. Lakini nenda upimwe tu, na kama umepita 40, au inarudi rudi, usichelewe. Mwambie daktari kama umekulia mahali pa kuoga mtoni au ziwani, juu bilharzia nayo inaweza kuleta damu kule. Na kama una kiu isiyoisha, unakojoa usiku kucha, na maambukizi yanarudi kila mara, omba na sukari ya damu ipimwe.

Kuna wale wenye maumivu ya kule chini miezi na miezi, vipimo vyote vinatoka safi. Hao ni wengi kuliko wenye bakteria, yaani kati ya watu wanaoambiwa wana prostatiti, yaani prostati iliyovimba, walio wengi sana hawana kijidudu chochote. Ni misuli na neva za pale chini. Antibiotiki haziwasaidii hata wakila karatoni nzima. Nimewaona wanauza simu wanunue sindano. Kinachowasaidia ni daktari anayewasikiliza, dawa za kulegeza njia ya mkojo, beseni ya maji ya vuguvugu ya kukalia dakika 10 au 15 jioni, kupunguza pilipili, kahawa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, kama wanaona zinawachokoza, na kwa motari wetu na haya mawe ya volkano barabarani, kushuka kwenye pikipiki kila baada ya muda badala ya kukaa siku nzima.

HATUA YA 4: Kama ni hizi dalili, acha kusoma, nenda hospitali leo

Homa na baridi ya kutetemeka pamoja na maumivu ya chini au mkojo kuchoma. Mkojo umegoma kutoka kabisa na kibofu kimejaa. Korodani moja imeuma ghafla, kali, hasa kwa kijana, juu inaweza kuwa imejinyonga na una masaa kama 6 tu ya kuiokoa. Mkojo wa damu yenye mabonge.

Nataka kukaa kidogo kwenye homa. Hapa kwetu homa ikipanda kila mtu anasema palu, yaani malaria. Baba yangu mdogo, anakaa Birere, alishikwa na homa na kutetemeka usiku, akapelekwa kituo kimoja, wakampima, malaria haikuonekana, wakamtibu malaria. Siku ya nne bado anatetemeka, wakamwekea kinini kwenye seramu, ile dripu. Hakuna aliyemuuliza unakojoa vipi, na yeye mzee hakuweza kusema mbele ya manesi vijana kwamba kule chini kunamuuma mpaka anashindwa kukaa. Nilipofika nikamkuta amekaa kwa pembeni ya kiti, nusu tu ya makalio, mkono umeshika ukuta. Nikamuuliza tu, Baba, mkojo? Akaangalia chini. Tulipompeleka hospitali kubwa mkojo wake ulikuwa umejaa usaha. Ilikuwa prostati, na alilazwa.

Kwa hiyo ukiwa na homa, hata kama unaona aibu, sema maneno haya mawili matatu: "kukojoa kunaniuma" au "chini kunaniuma". Hayo yanatosha kumgeuza daktari. Na mtu asikuminye prostati ikiwa na homa kali, kuikanda wakati huo kunaweza kusukuma bakteria kwenye damu.

HATUA YA 5: Labo, na hapa nisikilize vizuri

Kanuni ya kwanza nimeshasema: kikopo kwanza, dawa baadaye. Cipro mbili tu zinaweza kuwalaza bakteria bila kuwaua wote. Tunapanda mkojo wako kwenye sahani ya kuoteshea bakteria, hakuna kinachoota, tunaandika hakuna kijidudu, unafurahi, baada ya wiki tatu wanaamka na sasa wameshazoea dawa. Kama umeshameza, usifiche, tuambie jina la dawa na siku. Kama hauna homa wala dalili za hatari daktari anaweza kukusubirisha siku kadhaa, hata wiki, ndio upime.

Kikopo kichukuliwe labo au farmasi, kile cha plastiki kilichofungwa, kisafi kabisa. Nimeletewa mkojo kwenye chupa ya maji, kwenye boksi ya mayonezi, kwenye chupa ya sirapu ya mtoto bado tamu ndani. Vyote hivyo vina bakteria wao na vitakupa ugonjwa ambao hauna.

Halafu kuna mikojo miwili tofauti, na watu wanaichanganya. Kama daktari ameandika ECBU, yaani kutafuta bakteria kwenye mkojo, anataka mkojo wa katikati: unanawa, unaanza kukojoa chooni, bila kukata unaingiza kikopo, unamaliza chooni. Ule wa mwanzo unaosha mrija, hatuutaki. Lakini kama anatafuta klamidia au kisonono kwa mkojo, ni kinyume, anataka ule wa mwanzo kabisa, na usiwe umekojoa kwa saa moja au zaidi kabla. Uliza kwenye dirisha, "wa mwanzo au wa katikati?" Hatutachoka kukujibu.

Kwa manii, yaani spermokilti, kilti ni kuotesha bakteria: kaa bila kumwaga siku 2 mpaka 7. Siku yenyewe kunywa maji, kojoa kwanza, nawa mikono na uume kwa sabuni, suuza, kausha. Manii iingie moja kwa moja ndani ya kikopo, bila kapoti, bila mate, bila mafuta, bila kugusa ndani ya kikopo na kidole. Matone ya kwanza yakikuponyoka, sema, hasa kama wanahesabu na mbegu. Andika jina na saa. Ifikishe ndani ya saa moja, kikopo kikiwa mfukoni karibu na mwili, si kwenye mfuko wa baridi na soda. Kama unakaa mbali, tuseme Mugunga, na njia imefungwa na magari, bora utoe pale pale labo, omba chumba, kila labo nzuri ina namna ya kukusaidia na hatukuhesabii dakika.

Kipimo kizuri zaidi cha kujua kama ni prostati ni kulinganisha. Mwaka 1968 Meares na Stamey walitoa njia ya vikopo vinne, mkojo wa mwanzo, wa katikati, maji ya prostati baada ya daktari kuikanda, na mkojo wa baadaye. Siku hizi wengi wanafanya viwili, kabla na baada ya kukanda. Bakteria wakiwa wachache kabla na wengi baada, nyumba yao ni prostati. Daktari akikuambia hivyo usione ajabu wala usikimbie.

Jibu halitoki siku ile ile. Bakteria wanahitaji kuota, siku mbili au tatu, halafu tunawawekea dawa mbalimbali kwenye sahani tuone ipi inawaua, hiyo ni antibiogramu. Usilipe kilti bila antibiogramu, ni kama kumjua mwizi bila kujua analala wapi. Na jibu likisema usaha mwingi lakini hakuna kilichoota, usitupe karatasi. Klamidia haioti kwenye sahani zetu za kawaida, na kifua kikuu vile vile hakioti pale, na kifua kikuu kinaweza kukaa hata kwenye prostati na korodani. Rudi na hiyo karatasi kwa daktari, mwambie kama umekohoa, umekonda, au umeishi na mgonjwa wa kifua.

HATUA YA 6: Dawa, ikishajulikana

Prostati ni kiungo kigumu kwa dawa, antibiotiki nyingi haziingii ndani yake vizuri. Ndio maana dawa iliyomtibu jirani yako mkojo haikutibu wewe. Prostati iliyoshikwa ghafla inatibiwa wiki 2 mpaka 4, ile ya kudumu wiki 4 mpaka 6. Vidonge vinne vya farmasi viko wapi hapo? Na maumivu yataisha mapema kabla bakteria hawajaisha, siku ya tano unajisikia mzima, unaacha, unamwekea mdogo wako zilizobaki. Usifanye hivyo.

Kama umeandikiwa cipro, usiinywe pamoja na maziwa wala dawa ya kiungulia, inashikwa tumboni haifiki. Na ukisikia kano za kisigino au bega zinauma, acha na urudi kwa daktari siku hiyo hiyo, hiyo dawa inaweza kudhuru kano. Kwa kisonono cipro siku hizi haishauriwi tena, kijidudu kimeshaizoea, matibabu ni mengine na yanaenda na sindano. Ndio uone mtu anayejitibu sopisi na cipro anajichosha tu.

Ugonjwa wa zinaa ukionekana, mwenzako atibiwe pia, hata kama hasikii kitu. Kaeni bila kukutana siku 7 baada ya dawa na mpaka dalili zimeisha, au kapoti kila mara. Na mpime VVU na kaswende siku hiyo hiyo, wote wawili. Jinsi ya kumwambia mke? Motari wangu aliniuliza hivyo hivyo, amekunja kofia mkononi: "Sasa mama ya batoto nitamuambia nini?" Nikamwambia mwambie ukweli ulio nao leo, kwamba unasikia harufu, umeenda kupima, na unaomba muende pamoja. Usimwambie jina la ugonjwa kabla karatasi haijatoka. Alirudi naye siku ya tatu. Kikopo chake yeye kilikuwa safi, na kwa bahati alikuwa bado hajameza kitu, alikuwa na vidonge mfukoni ndani ya karatasi ya daftari. Kwa mke tulidondosha potasi, na harufu ikaruka. Walitibiwa wote, na walitoka wanaongea.

KWA WALIOPITA MIAKA 40

Nisiache bila kusema hili, juu wazee wananiuliza kama harufu ni kansa. Harufu si dalili ya kansa ya prostati. Kansa ya prostati mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote, ndiyo ubaya wake, na sisi wanaume weusi tunashikwa nayo zaidi na mapema kuliko wengine. Kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA ukifika 40 au 45, mapema zaidi kama baba au kaka yako aliugua, usisubiri harufu wala maumivu.

Mkojo mwembamba, wa kusukuma, unaoacha matone kwenye suruali, kuamka usiku mara tatu, hiyo mara nyingi ni prostati kukua na umri, na kukua si kansa. Ina dawa, na inastahili kupimwa.

Lakini PSA ina masharti yake. Siku 2 kabla usimwage na usiendeshe baiskeli sana. Na usiipime ukiwa na maambukizi, inapanda yenyewe na kukutia hofu bure. Baba mdogo wa Birere walimpima akiwa bado kitandani, namba ikatoka juu kabisa, ukoo mzima ukaanza kulia na mtu mmoja akataja kuuza shamba la Rutshuru. Daktari akawaambia wangoje, amalize dawa zake, apimwe tena baada ya wiki 6 mpaka 8. Nilimtoa damu mimi mwenyewe hiyo mara ya pili, kwenye mkono wa kushoto, akiwa amekaa kwenye kiti kizima. Namba ilikuwa imeshuka ikafika ya kawaida, na mwaka uliofuata alikuja peke yake kupima tena, bila mtu kumkumbusha.